Waya Mweupe

Bwana Ukmar alisema ni kazi ya asubuhi moja.
"Tengeneza huko chini ya meza, Fulvia,
kabla mtu hajavunjika kiuno."
Akashuka kunywa kahawa, na kahawa ya Trieste
haina haraka na mtu.

Nikapiga magoti mbele ya meza sita
kama niliyekuja kutubu.
Mle chini nyaya zimeshikana mashati:
wa printa umeukaba koo ule wa simu,
ekstensheni imezaa ekstensheni, nayo tayari ina mjukuu,
na vumbi limejilaza juu ya yote
kama paka mzee anayezijua haki zake.

Chini ya meza ndipo ofisi isemapo kweli.
Niliokota hereni moja, lozi mbili,
risiti ya viatu ambavyo mke wa Livio hajawahi kuvivaa,
na chaja ya simu isiyotengenezwa tena popote.

Nikachomoa mmoja mmoja, nikafuta kwa kitambaa kikavu.
Uliochubuka hadi shaba ikachungulia
sikuufunga tepu. Niliukata vipande, nikautupa:
kidonda cha umeme hakifichwi kwa plasta.
Mirefu niliikunja kwa ulegevu,
maana waya ukibanwa sana huvunjikia ndani,
bila kelele, kama shangazi yangu Ondina.
Kila mmoja nikaupa jina lake kwenye karatasi ya kunata:
printa, modemu, feni, taa ya Livio.

Ukabaki mmoja.

Mweupe, mnene kuliko wenziwe,
unatoka kwenye soketi nyuma ya kabati la bima za kahawa,
unapanda na kona ya ukuta,
unaishia kwenye tundu la dari lililozibwa kwa gazeti.
Nilimpigia simu Bwana Ukmar. "Niliukuta," akasema.
Livio akasema labda ni wa kengele ya wezi.
Nje, upepo wa bora ulikuwa unayatikisa madirisha
kama mdai aliyechoka kubisha hodi.
Nimeuliza, nikajiambia. Nimeuliza mara mbili.
Nikauchomoa.

Kimya. Kompyuta zikaendelea na mvumo wao.
Nilihesabu hadi arobaini, nikaanza kuukunja,
na hapo juu ya dari, ncha ya fimbo:
ko. Ko. Ko.

Nilipanda ngazi. Mlangoni alisimama Bi Nevia Zerial,
miaka themanini na minane, koti mwilini ndani ya nyumba,
nyuma yake madirisha yamefungwa mbao kwa ajili ya bora,
na juu ya cherehani, taa imezimika.
Akanitazama, akaitazama mikono yangu yenye vumbi.
"Kwani Duilio amekufa tena?"

Duilio alikuwa karani wetu wa shehena, zamani, kabla yangu.
Baridi ile walipomkatia Bi Nevia umeme kwa deni,
alikuja usiku na keekee ya kuazima,
akatoboa dari, akampandishia mwanga.
Deni lilikwisha. Duilio naye akazikwa, sasa mwaka wa tisa.
Waya haukutolewa.
"Vingine vyote nalipia mwenyewe," alisema,
akinivuta kiti. "Taa hii ni ya Duilio."

Mchana nilinunua mfereji wa plastiki, mita nne na kidogo,
na pete ya mpira ya kulilinda tundu, gazeti likatoka
(lilikuwa na matokeo ya mpira na tangazo la sofa).
Fundi Stelio akaja kupima, akabadilisha soketi,
akasema ilibaki kidogo tu iungue.
Nikaulaza waya mweupe ndani ya mfereji,
kifuniko kikalia tak, tak, tak hadi juu.

Bwana Ukmar aliporudi, harufu ya kahawa imemtangulia,
alipita meza zote akiguna kwa kuridhika,
hadi nyuma ya kabati, kwenye karatasi yangu ya mwisho:
Usichomoe. Kuna mtu juu anashona.

Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.
"Kalamu hii itafifia," akasema.
"Tafuta ile ya wino mzito."