Doraji, Mwaka wa Kumi na Nane

Kabla halijachanua, ua hili ni puto:
petali tano zimeshikana kingo,
hewa imefungiwa ndani.
Mimi na dada yangu Gwinam tulikuwa tukiyabinya matumba,
pa! pa! mstari mzima,
na Mama nyuma yetu na mpini wa jembe.

Likifunguka huwa dume kwanza.
Stameni humwaga chavua, hunyauka,
ndipo stigma iliyojifumba hufunua ncha zake tano
kupokea chavua ya jirani.
Hayo nilifundishwa chuoni Daegu.
Mama aliyajua bila majina.
"Linajisubiri," alisema, akaendelea kupalilia.

Baba alichimba makaa ya mawe Taebaek.
Jioni kifua chake kilifika nyumbani kabla yake,
tulikisikia tangu kwenye kona.

Dawa iko chini. Mzizi mweupe
wenye miguu miwili, mitatu,
ukiukata unatoa maziwa.
Mama aliubambua kwa kisu butu,
akausugua kwa chumvi ya mawe
hadi maji yakafanya povu kama ya sabuni.
Povu ndilo uchungu, na uchungu ndio unaolegeza makohozi.
Kwa hiyo mzizi wa kitoweo aliuosha mara tatu,
wa Baba mara moja tu,
akauchemsha na peasi na tangawizi.
Baba alikunja uso, akanywa,
akatema cheusi koponi.

Hakupona. Naandika hivyo
kwa kuwa karatasi za sokoni haziandiki.
Alipata usingizi, saa nne, saa tano mfululizo,
na sisi tukalala.

Doraji akikaa udongo mmoja zaidi ya miaka mitatu
huoza.
Basi kila mwaka wa tatu, Novemba,
kabla ardhi haijaganda,
Mama aliing'oa mizizi yote, akaihamishia tuta jipya.
Mwaka wa saba Baba akafa.
Wa tisa, tukadhani ataacha.
Akahamisha.
Wa kumi na mbili, akahamisha.
Wa kumi na tano magoti yalimgomea,
akahamisha ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Leo jembe ninalo mimi.
Nachimba mbali na shina, nisije nikaukata mguu.
Mzizi unatoka mzima, mnene kama kifundo cha mkono wangu.
Gwinam anapiga simu kutoka Busan:
kuna mnunuzi, mizizi ya umri huu ni ghali, tuuze?
Mama dirishani anauliza kama nimefika tuta la mwisho.

Jua litazama saa kumi na moja na robo.
Namwambia Gwinam nina udongo mikononi,
nitampigia baadaye.