Kutwa Mara Tatu

Duka la dawa la Bwana Shaame, hapa Wete,
lafungwa saa nne usiku. Maboksi matupu ni yangu.
Nayakata kwa mkasi wa plasta, vipande sawa na kiberiti:
mbele limebaki jina la dawa ya minyoo,
nyuma, upande ule mweupe, naandika neno.

Neno kwa Kijapani laitwa tango.
Siku niliyolijua nilicheka peke yangu
mpaka paka wa kaunta akaamka.
Basi kila usiku nala matango kumi,
asubuhi najipima yamebaki mangapi.

Bahasha ninazo, zile ndogo za vidonge,
zimepigwa chapa: Kutwa mara, na nafasi ya kujaza.
Neno jipya nalinywa kutwa mara tatu.
Likikaa, lahamia bahasha ya keshokutwa,
kisha ya wiki, kisha ya mwezi.
Nikilisahau halina wa kulitetea,
larudi mwanzo wa dozi
kama mgonjwa aliyeacha vidonge kwa kujiona mzima.

Masikio nayalisha tamthilia.
Mdogo wangu Faki kanijazia simu vipindi arubaini:
familia moja na mkahawa wao wa tambi,
watu wanaoinama hata wakizungumza na simu.
Maandishi ya chini ya kioo nimeyaziba kwa plasta.
Miezi mitatu nasikia mchele ukimwagwa kwenye sinia,
mchele tu, sitambui punje.
Kisha punje moja.
Bibi wa mkahawa kashika sikio lake, kasema: mimi.
Mimi ni sikio!
Na kweli, mwaka huu mzima
mimi ni sikio, sina kiungo kingine.

Kasa ni mwavuli. Uso ni uongo.
Kuni ni nchi, na hilo sikumwambia mtu.
Ana ni shimo, hana ni ua;
nikakaa na kadi mbili mkononi
nikimwonea wivu asiye nacho.
Pweza jina lake silitaji mbele ya wakubwa.

"Utakwenda lini?" wananiuliza.
"Umepata mchumba huko?" "Wanalipa?"
Pasi ya kusafiria sina. Hata Unguja nimefika mara mbili,
na mara moja ilikuwa kwa jino.
Lakini Bi Riziki, jirani yetu,
ashona kofia mwaka wa thelathini huu,
hajavaa hata moja,
na sijasikia aliyemuuliza anakwenda nayo wapi.

Ni yeye huyo, Ijumaa, baada ya chakula,
kalala barazani, karafuu zake majamvini,
nyekundu zinaanza kuwa nyeusi.
Mimi nimesimama mlangoni na bahasha ya wiki.
Upande wa Mtambwe mbingu imekunja uso
(uso wa kwetu, si wa kwao).
Nikafungua mdomo niseme mvua.

"Ame!"

Bi Riziki kafumbua jicho moja.
"Ame... amefanya nini?"
"Ame, Bi Riziki! Ame!"
"Nani ame? Amekuja? Amekufa?
Malizia basi, mwana we, unaniua!"

Tone la kwanza likammalizia, utosini.

Tukaanua mbio, kanga mabegani, makonyo yakituchoma nyayo.
Jamvi moja lilitushinda.
Alinitukana kwa Kipemba safi, kisichohitaji kadi,
nami nimelowa, nanukia karafuu,
nacheka kama aliyeokota pesa:
neno lile sikulitafuta. Lilitoka lenyewe,
limeipita mvua mlangoni.

Usiku nikaihamisha kadi bahasha ya mwezi.
Jamvi lile nimelilipa, kwa mafungu.
Na Bi Riziki mpaka leo akipita dukani
huchungulia dirishani, kofia na sindano mkononi:
"Haya, leo ame nini?"

Nami hutazama mawingu kwanza.