Wino wa Kopo Moja

Mashine ya kudurufu waliileta usiku,
imeviringishwa katika kanga yangu kuukuu,
wakaisukuma uvunguni, Mtaa wa Sikukuu,
kando ya gunia la mkaa.
Mimi nikapewa mpini wa kuzungusha
kwa kuwa, walisema, nimezoea kusaga.

Athanas Mbawala wa posta alitangulia,
kaptula imekula pasi, kalamu mfukoni.
"Kura tatu kwa kila mpiga kura:
Mzungu, Mhindi, Mwafrika.
Ni tusi, Binti Pazi, nani asiyejua?
Lakini mlango ukifunguka upana wa kiganja
tia mguu kwanza, mgombane baadaye."
Nikazungusha. Mia mbili.
INGIENI.

Saa nane usiku, kikohozi cha Kondo dirishani.
Saruji kwenye nyusi, bega limechunika.
"Ukila cha mtu kwa masharti,
umemeza na masharti.
Waachie masanduku yao.
Siku tutakayokunja mikono gatini,
meli zikalala na mizigo tumboni,
wenyewe watakuja kutuuliza bei."
Nikazungusha. Mia mbili.
SUSIENI.

Kopo la wino lilikuwa moja,
nililinunua kwa pesa ya vitumbua.
Karatasi mbichi zilipolaliana
moja ikaacha chapa mgongoni mwa nyingine;
ukiinua kwenye kandili unasoma yote mawili,
herufi zinapigana vikumbo.

Alfajiri wakakutana barazani,
kila mtu na bunda lake kwapani.
Salamu ya shingo upande.
Birika lilikuwa moja pia.
Athanas akasogeza sukari bila kutazama,
Kondo akachota, vijiko vitatu, kama kawaida yake
tangu walipokuwa wakilala mkeka mmoja Gerezani.

Nikawauliza: na mimi?
Sheria inataka paundi mia na hamsini kwa mwaka
au darasa la nane.
Mimi nina mpini.
Nikiingia, naingia wapi?
Nikisusa, nasusa nini?

"Hilo baadaye," akasema Athanas.
"Hilo baadaye," akasema Kondo.
Mara ya kwanza tangu mfungo kuanza na kwisha
nikawasikia wamekubaliana.

Nilisugua mikono kwa limau, kwa majivu,
kwa sabuni ya magadi.
Wino ukagoma kwenye kucha wiki nzima.
Kila kitumbua nilichouza kilikuwa na doa la kidole,
jeusi, dogo, upande wa chini.
Wa gatini walikula.
Wa posta walikula.
Hakuna aliyegeuza kutazama.