Vumba

Wiki tatu gari lilinuka samaki,
na wiki tatu dagaa wa shangazi Ndealilia
walibeba lawama.

Ni kweli niliwapakia, nusu gunia,
kutoka soko la Mbuyuni hadi Kibosho,
wakavuja chumvi kwenye zulia la buti.
Nikalisugua kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa magadi,
nikalianika juu ya michongoma.
Likakauka. Likanukia ndimu.
Kesho yake, kwenye kona za kupanda, vumba tena,
na safari hii si nyuma: usoni kwangu.
"Hao dagaa," akasema mama, akishusha kioo,
baridi ya Julai ikaingia bila hodi.

Nikalipeleka kwa Kundaeli, gereji ya Pasua,
ile yenye injini ya Fuso iliyogeuzwa kiti.
Akafungua boneti, akainama, akavuta pumzi,
akapiga chafya.
"Mafua," akasema. "Siku ya nne.
Leo hata dizeli siisikii.
Nikopeshe pua."

Sijawahi kuombwa hivyo.
"Ni kama mpira?"
Mpira naujua: siku breki iliposhika
nilisikia ndala iliyoangukia jikoni. Si mpira.
"Mafuta yanayodondokea ekzosi?"
Hayo hunuka kikaango kilichosahauliwa.
"Utamu utamu, kama maji ya rejeta?"
Hapana.
"Basi sema wewe."
Nikaona aibu. "Vumba," nikasema. "Shombo kabisa.
Na nyuma yake, mbali,
kitu kama kitana kilichoguswa na kibiriti."

Hakucheka.
Akaweka bisibisi chini.
"Inakuja lini?"
Asubuhi. Nikipanda.
"Ukipanda unafanya nini?"
Nakanyaga mafuta. Nashusha gia. Naomba Mungu.
"Na kioo?"
Kioo kinashika ukungu, nafuta kwa kiganja,
kisha nawasha —

Tukatazamana.

Ufunguo nusu, feni namba nne.
Tukangoja kama watu wanaongoja uji uchemke.
Tuko Moshi, na moshi hakuna.
"Sema," akanong'ona, na mimi,
binti wa mwalimu wa hesabu,
nikapiga magoti kwenye tope la oili,
kichwa chini ya dashibodi,
nikanusa kama paka jikoni kwa watu,
nikasema: "Hapa."

Plagi ilikuwa imeyeyuka shavu moja,
kahawia, ukoko wa ubwabwa.
"Plastiki hii ikibanikwa polepole hunuka samaki.
Dagaa wako hawana kesi."
Akakata, akamenya waya hadi kwenye shaba iliyo hai,
akafunga soketi mpya, akazungusha tepu nyeusi.
Kisha akasimama, hajaridhika.
Kwa nini fyuzi haikufa?
Kazi ya fyuzi ni kufa kabla ya wengine.

Akaichomoa kwa koleo.
Ilikuwa imekufa zamani. Mtu aliivika sanda:
karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara,
imekunjwa mara nne, kingo zimelingana,
kama zilivyokunjwa risiti, barua, noti za ada yangu.

Gari hili lilikuwa la baba.
Baba aliacha sigara mwaka ule wa daktari.
Aliapa mezani, chai ikapoa, mama akalia kwa furaha.
Gari alilinunua miaka miwili baadaye.

Kundaeli akachomeka fyuzi mpya,
akapenga kamasi, akadai elfu kumi na tano.
Niliwasha feni njia nzima ya kurudi:
vumbi kidogo, baridi, basi.

Mama akiuliza, nitasema waya.
Shangazi nitamwomba radhi.
Karatasi nimeiweka kwenye kisahani cha majivu,
ambacho baba, mtu aliyeacha,
alikiosha kila Jumamosi.