Maji Huenda Mahali

Fundi Nampembe hakutaka kulisikia neno gasketi.
Mume wangu alilitaja mara mbili kabla ya kuzima injini,
naye akaendelea kujifuta mikono
kwa kipande cha kanga kilichobakiwa na nusu ya msemo.
"Kwanza lipoe," akasema.
Tukakaa juu ya tairi, Newala na ukungu wake wa Juni,
tukisubiri chuma kiusahau mlima.

Corolla hii ni ya msimu ule korosho ilipolipa.
Imebeba magunia, maharusi, na maiti moja usiku.
Lakini tangu Machi, tukipanda kutoka Masasi,
mshale wa joto hupanda nasi,
na huko kwenye wekundu hufika kabla yetu.

Akaanza na mfuniko wa rejeta.
Akaibonyeza springi kwa dole gumba,
akaazima mfuniko wa gari la mteja mwingine, akafunga.
Kisha mipira, mmoja mmoja,
kama mtu anayechagua muhogo sokoni.
Akalala chini na tochi ya simu.
Wota pampu kavu. Mchanga mkavu.
"Maji hayapotei, mama," akasema kutoka huko,
nami naona kandambili zake tu.
"Maji huenda mahali."

Huku kwetu juu maji hununuliwa.
Kila ndoo niliiwekea alama ya mkaa ukutani,
na tangu Machi, kila asubuhi,
ukuta na pipa havikukubaliana.
Nilimwuliza Somoe. Akasema hajui.
Nikamwuliza tena, kwa sauti ile nyingine.
Siku ya nne nikamfungia nguo zake,
nikampa nauli ya kwenda kwao Kitangari,
akaondoka akiwa bado hajui.
Pipa liliendelea kupungua.
Nikasema pipa linavuja, nikalisamehe.

Fundi akachomoa kijiti cha oili:
nyeusi, nzito, haijawa uji.
"Hii inaitetea," akasema.
Akafungua plagi. Tatu zina masizi ya kawaida.
Moja, ya silinda ya tatu, imeoshwa,
inang'aa kama kijiko cha mgeni.
Hakusema kitu.
Akajaza rejeta hadi mdomoni, akaiacha wazi,
akazirudisha plagi, akawasha,
nasi watatu tukainamia kile kidimbwi cha duara.

Povu.
Likapasuka.
Kimya cha kutosha mtu kutubu.
Kisha mapovu madogo, mfululizo,
kama mtu aliyezama anayetaja majina.
Nyuma, eksozi ikatoa moshi mweupe usiokoma,
na ukungu ulishaondoka zamani.
"Sasa," akasema fundi, "litajeni hilo neno."

Silinda ya tatu inakunywa.
Hedi itashushwa, itapimwa kwa rula kama imepinda,
ikibidi itapelekwa Mtwara kuchongwa.
Bei aliitaja akitazama kando.
"Na maji mnaongeza mara ngapi?"
"Hatujawahi," nikasema.
"Kila alfajiri," akasema mume wangu.
Alisema akiutazama mpira wa juu, si mimi.
"Ndoo moja. Siku nyingine moja na nusu.
Sikutaka ujue linakufa kabla ya msimu."

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu vipimo:
mfuniko, mipira, pampu, oili, plagi, povu.
Sita, kabla ya kukilaumu
kitu chembamba kama jalada la daftari.
Somoe nilimpima kwa sauti tu.

Pesa ya hedi itasubiri mnada wa Oktoba.
Nauli ya Kitangari ninayo leo.
Nikamwambia fundi gari libaki hapo, boneti juu,
nikatoka barabarani kutafuta bodaboda,
na mume wangu nyuma yangu,
haulizi tunakwenda wapi,
ameshika ndoo tupu.