Athari

"Kijiko," anasema Bi Rayya, anakinyanyua.
"Kijiko," baba anaitikia, kama mtoto wa chuoni.
Dakika moja. Bi Rayya anakifunika kwa leso.
"Kijiko."
Dakika mbili. Falaji inapita nyuma ya ukuta,
imebeba majani ya mndimu na povu la sabuni ya jirani.
"Kijiko."
Dakika nne sasa, na mimi nahesabu,
maana kuhesabu ndiko kunakonilisha:
maabara ya Nizwa, ghorofa ya chini, mlango usio na jina,
ambako kijidudu kimoja kikishiba
baada ya dakika ishirini ni viwili.
"Ki… kijiko."

Dakika nane.
Daktari aliandika kwa Kiarabu, nikasoma kwa Kiswahili:
athari za kiharusi, ubongo upande wa kushoto.
Athari. Nikacheka peke yangu ndani ya lifti.
Hapa Birkat al-Mauz, athari ni kipimo,
nusu saa ya maji, fungu la mtu.
Huuzwa, hurithiwa, huandikwa kwenye mahari;
ndugu wamenuniana miaka kwa robo yake.
Na mgawaji alikuwa huyu huyu, Muhenna bin Zahran,
mzaliwa wa Wete, aliyekuja na Kiarabu cha kuswalia tu.
Wakampa fimbo ya kivuli kwa sababu hakuwa na mtende hata mmoja:
mgeni hana shamba, atajipendelea wapi?

Kivuli kikigusa jiwe, anaziba kwa huyu
kwa tope na tambara, anafungua kwa yule.
Usiku alingoja nyota iukate ukingo wa mlima.
Miaka thelathini na minane.
Sasa wana saa za mkononi na kundi la simu,
na ugomvi ni ule ule.

"Kijiko."
Kimetoka taratibu, kama kitu kilichozama.

Namuuliza Bi Rayya: kwa nini tusimwambie mara mia,
mfululizo, tumalize, tule?
"Lazima aanze kusahau kidogo," anasema.
"Akilifuata neno mwenyewe, linakaa."
Nikaukumbuka mtende: ukiumwagia maji ya mwezi kwa siku moja
umeuchimbia kaburi.
Na vidonge ishirini na kimoja, kimoja kila baada ya saa nane;
mgonjwa akivimeza vyote leo
majibu yangu ya kesho hayana wa kumpelekea.

Mwanangu Sulayyim anasoma Maskati
nyota zinazopiga kama moyo, redioni.
Kishindo kimoja, anasema, huenda ni jiko la mtu linapasha wali.
Cha pili ni bahati.
Cha tatu, kwa mwachano ule ule, ndipo unawaamsha wenzako.
Nilimwambia, babu yako angekuamsha kwa cha kwanza.
Hakucheka. Alikuwa anangoja cha pili.

Dakika kumi na sita.
Bi Rayya anafunua leso: "Hiki nini, Mzee Muhenna?"
Baba hakitazami.
Anatazama ukuta, pale kivuli cha mpini wa ufagio
kimelala hadi kwenye ufa wa plasta.
Midomo inatafuta. Mkono wa kushoto unafinyanga tope lisilokuwepo.
"Zamu," anasema.
Kimya.
"Zamu ya nani?"

Bi Rayya anaandika kwenye fomu yake alama ya kosa,
na ana haki, swali halikuwa hilo.
Mimi natazama saa. Kumi na nusu na dakika mbili.
"Ya wajukuu wa Bi Shinuna," namjibu.
"Basi wafungulie."
Nikaenda ukutani, nikaweka sikio.
Maji yalikuwa yameshageuka, yanasikika mbali, kwa Bi Shinuna.
Alichelewa dakika mbili.
Zamani asingechelewa.

Niliporudi, leso ilikuwa mahali pake
na Bi Rayya ameanza kuhesabu thelathini na mbili.