Mstari wa Risasi

Miaka thelathini na miwili
nilivisoma vitabu vyake kabla ya mtu yeyote,
si kwa mapenzi, kwa mshahara.
Matbaa ya Kaunas, chini ya ardhi, dirisha moja
lililotazama viatu vya wapita njia
na theluji iliyokanyagwa hadi ikawa rangi ya chai.

Kazi yangu ilikuwa koma:
kuipanda palipo na pumzi, kuing'oa penye haraka.
Yeye, Liucija Venckienė, mwalimu wa fizikia,
mfupi, koti la kijivu, kikohozi kisichokoma,
alileta miswada ndani ya gunia la viazi
na mara nyingine, chini ya miswada, viazi.

Kitabu cha kwanza: dunia ya majua mawili
ambako kila mtu hutembea na vivuli viwili,
kimoja cha aliyoyatenda, kimoja cha aliyoyaacha,
na kadhi huhukumu kwa hicho cha pili.
Nilikisoma nikisaka makosa ya tahajia.
Nikapata saba.
Usiku ule sikulala, nikimuwaza kaka yangu Kazys,
niliyemwacha stesheni bila kumpungia mkono.

Cha pili: mji ambao wafu hupiga kura.
Walio hai ni wachache, hushindwa kila mwaka,
hadi binti mmoja anapokwenda makaburini
si kuwasihi
bali kuwauliza wanaogopa nini.
Mkaguzi wa serikali alikata kurasa kumi na moja.
Labda aliogopa wafu, labda kura.
Hakusema, na nani angemuuliza?

Halafu kile cha mashine.
Mmekisoma. Mashine yenye jibu la kila swali:
wafalme wanakuja, wanajibiwa, wanaondoka wadogo.
Kisha mtoto wa mfagiaji, kamasi puani,
anaiuliza, "Umechoka?"
Taa zote zinazimika ila moja.
Watu wanangoja miaka arobaini,
na katika kungoja wanajifunza kuulizana wao kwa wao.
Hapo kitabu kinakwisha.

Hakikuishia hapo.

Palikuwa na mstari mmoja zaidi. Mashine ilijibu.
Mimi, macho mekundu, zamu ya pili, mke wangu hospitalini,
sikuona kwamba haupo.
Vitabu elfu nane vilikwisha shonwa
nilipoukuta kwenye takataka chini ya meza,
kipande cha risasi, urefu wa kidole,
madini yale yale wanayoulia watu,
herufi zake zikitazama nyuma kama mtu anayehama.
Nikautia mfukoni.

Barua zikaanza kuja, za wanafunzi, za wafungwa,
za padri mmoja wa Šiauliai:
kimya kile, walisema, kimya kile kimetuokoa.
Nilizipanga kwa tarehe. Nilizikosoa, Mungu anisamehe,
koma zao.

Mwaka wa tisa nikapanda ngazi hadi kwake.
Alikuwa anamenya beti, mikono kama ya mchinjaji.
Nikafungua kiganja.
Hakuutazama.
"Niliona siku ile ile," akasema.
"Nilikulaani mwezi mzima, wewe na kizazi chako.
Kisha nikakisoma tena,
nikaona kimenizidi akili."
Akanikunja vidole kimoja kimoja,
akanipaka nyekundu.
"Ila usinisomee. Nimekwisha kuusahau,
na kusahau kwenyewe kumenigharimu."

Tumemzika Alhamisi, ardhi ngumu, wachimbaji wakitukana.
Kijana mwenye miwani akanishika mkono:
mzee, wewe ulimjua,
kwa nini aliiacha mashine ibaki kimya?
Nilisema kitu kuhusu baridi.

Risasi ni laini. Watu hawajui.
Mwanzoni niliusoma kwa kioo cha kunyolea,
kila neno, hata nukta.
Sasa kidole gumba kimepita pale mara nyingi mno,
kwenye tramu, kanisani, foleni ya mkate.
Herufi ya kwanza imelika. Ya pili inafuata.
Bado naijua. Bado,
lakini juzi nilisimama mbele ya kioo
nikasita baina ya maneno mawili.